Betri Haipungui

Jumatatu, 4 Machi

Daktari ameniagiza niandike kila siku nimeendeshaje na pumzi ilikuwaje. Mstari mmoja unatosha, alisema. Basi mstari ndio huu: nimeendesha, pumzi ipo.

Nitaongeza kidogo, maana stoo haina kazi na kalamu ninayo. Mimi ni fundi wa lifti. Nusu ya umri wangu nimeumaliza ndani ya mashimo ya maghorofa, napaka kamba za chuma grisi na kukaza nati ili watu wengine wasipande ngazi. Mwishoni mwa mwaka jana moyo ulinigomea nikiwa kazini, nikalazwa. Niliporudi nikakuta nimehamishiwa stoo mpaka mvua ziishe, ndipo daktari anipime upya. Nikifaulu, narudi shimoni. Nikishindwa, nitapanga skrubu kwenye makopo hadi nistaafu.

Baiskeli ya umeme aliinunua mke wangu bila kuniuliza. "Daktari kasema mazoezi," akaniambia, "na wewe ukiambiwa utembee, unatembea mpaka kwenye kiti." Ina mota kwenye gurudumu la nyuma. Unakanyaga pedali, nayo inakusaidia. Leo kwenye kilima cha tangi la maji nilihisi kama mtu kanishika kiuno ananisukuma. Niliona aibu kidogo. Mtu mzima, kusukumwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimeendesha. Pumzi ipo.

Alhamisi, 7 Machi

Mganga hajigangi. Fundi wa lifti anakaa ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo halina lifti wala dalili ya kuletewa lifti. Baiskeli inafungwa kwa mnyororo chini ya ngazi, lakini pale hakuna umeme, kwa hiyo kila jioni betri inachomolewa na kupandishwa juu kuchajiwa, na kila alfajiri inateremshwa. Ina uzito wa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mimi nimekatazwa vitu vizito, basi anaibeba mama watoto. Hataki hata niishike kona moja. Naye mchana kutwa huwa amesimama, anapiga pasi kwenye duka la dobi.

Akishafika juu ananiita kutoka jikoni: "Upo?" Nami naitika: "Nipo."

Hilo neno ameliiba kazini kwetu. Mimi na mwenzangu Kobe (tunamwita Kobe kwa sababu hajawahi kuharakishwa na binadamu yeyote) tuna sheria yetu. Mmoja yuko chumba cha mashine juu, mwingine amesimama juu ya paa la lifti ndani ya shimo. Wa juu hagusi swichi kabla hajaita "Upo?" na wa chini kajibu "Nipo." Bila jibu, lifti haisogei, hata wapangaji wa jengo zima wakitutukana. Siku ile moyo uliponigomea, Kobe aliita, sikuitika. Akaita tena. Mwingine angedhani sijasikia, angebonyeza. Kobe alizima mashine akashuka ngazi zote, na wanasema alikimbia. Sikumwona, ningependa kumwona.

Mama watoto aliposikia kisa hicho, akakihamishia nyumbani. Nikiwa bafuni, "Upo?" Nikikaa kimya na gazeti, "Upo?" Kero tupu, lakini naitika.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua zimeanza. Nimelowa hadi soksi.

Jumanne, 12 Machi

Mke wangu ameivalisha baiskeli koti. Amekuja na zile nailoni za kufunikia suti za wateja, akazungusha usukani wote, kile kioo kidogo cha taarifa za mota, na breki, akaacha matundu mawili ya mikono. Juu yake akakaza kwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Alifunga kama anafunga mzigo wa safari ndefu. "Umeme na maji haviivi chungu kimoja," akasema. Nikamwambia asante. Inaonekana kama mgonjwa aliyefungwa bendeji, ila mikono yangu ilikuwa mikavu njia nzima.

Alhamisi, 14 Machi

Upepo wa mbele, barabara tope. Kilima kimekuwa kigumu. Pumzi ipo.

Jumanne, 19 Machi

Kilima tena. Nimefika stoo nimechoka hoi, jasho limechanganyika na mvua. Mtunza stoo, mama mmoja asiyecheka mpaka awe na sababu ya maandishi, aliniangalia akauliza, "Umefukuzwa?" Nikamwambia ni matope. Akanisogezea kiti.

Ijumaa, 22 Machi

Jioni mama watoto alisema kutoka jikoni, "Betri hii haipungui, unajua? Kila siku naikuta imejaa. Tumepata betri nzuri kweli."

Nikajibu, "Mm." Yeye ndiye aliyeinunua, lazima aisifie.

Jumatatu, 25 Machi

Leo niandike ukweli, kisha kesho nirudie mstari wa daktari. Mwanzo wa mwezi nilikipanda kilima hiki napiga mluzi. Leo nimepanda nimeng'ata meno, mapaja yanawaka, moyo unagonga hadi masikioni. Baiskeli ni ileile, kilima ni kilekile. Kilichobadilika ni mimi. Upepo hauwezi kuwa wa mbele kila siku.

Sijamwambia mtu. Nikimwambia mke wangu, nitakuwa nimelazwa kabla ya chai. Nikimwambia daktari, ataandika stoo, na stoo ndiyo itakuwa mwisho wangu.

Jumanne, 26 Machi

Nimeendesha. Pumzi ipo.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Kobe alikuja stoo kuchukua roda ya kupitishia kamba. Alikaa kwenye kreti, akanywa chai yangu yote taratibu, ndipo akasema alichojia.

"Wanataka kunipa mtu mwingine."

"Lini?"

"Mvua zikiisha. Nimewaambia mtu ninaye. Yupo stoo tu, kama spea."

Tulicheka. Kisha akanitazama miguu. "Mbona umekonda?"

"Baiskeli."

"Si ina mota?"

"Ina mota."

Akatikisa kichwa kama anayetafuta hitilafu. "Haya. Ila usinichelewee, ndugu yangu. Sina umri wa kumfundisha mtu mwingine kuitika."

Alipoondoka nilipanga kopo moja la skrubu mara mbili.

Jumatatu, 8 Aprili

Rahisi ghali. Nimeanza kuamini kwamba mke wangu aliuziwa mota mbovu na anaona haya kukiri. Kila asubuhi anaikagua, anakaza ile mipira yake, anaipangusa tandiko kama ng'ombe wa maonyesho, na mimi nabaki kuisukuma kwa roho yangu. Jioni anasema, "Betri bado imejaa." Nami nasema "Mm." Nyumba nzima imebaki na maneno hayo mawili.

Kuna wakati naona ni mota mbovu. Wakati mwingine naona ni moyo mbovu. Naomba iwe mota.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimefanya jambo la kipumbavu, na niliandike kabla sijajitafutia udhuru.

Leo mvua ilinyesha toka asubuhi. Wakati wa kurudi, katikati ya kilima cha tangi, upande wa kurudi nyumbani, miguu ilikataa. Nilishuka nikaisukuma baiskeli kwa mikono, nzito kama mkokoteni wa mawe, na wanafunzi wenye miavuli wakanipita wakiniamkia "Shikamoo" kwa huruma. Shikamoo za huruma zinauma. Nilipofika chini ya ngazi mke wangu alikuwa ananisubiri achukue betri. Akasema, "Pole, mzee wangu. Nailoni haikuvuja?"

Nikalipuka. Nikamwambia ameninunulia takataka. Nikamwambia kama alitaka kuniua angeniacha tu kwenye shimo la lifti, ingekuwa haraka zaidi. Niliyasema hayo kwa mwanamke aliyekaa hospitali kwenye benchi la mbao mpaka kiatu chake kikaacha alama sakafuni.

Alichomoa betri, akaikumbatia, akapanda nayo. Nilisikia akipumzika kila kona ya ngazi.

Mimi nikakaa ngazi ya chini kabisa. Baada ya muda akaita kutoka juu, "Upo?" Nilimsikia vizuri. Akaita tena, sauti imepanda. Sikuitika. Nilikuwa na hasira na nilitaka alijue hilo, na sikuwa na njia nyingine ya kumwonyesha ila kunyamaza.

Alishuka ghorofa tatu peku, mikono ina povu la sabuni hadi viwiko. Kwenye kona ya mwisho aliteleza akajishikiza kwa reli. Alipoona nimekaa mzima, macho wazi, alisimama akishika ubavu, anatafuta pumzi. Uso wake sijawahi kuuona ukiwa vile, hata hospitali.

"Usirudie," akasema. Basi, hilo tu. Akageuka akapanda, safari hii akishika reli kwa mikono yote miwili.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeomba radhi. Amesema yameisha. Hayajaisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na leo nyumba ni kimya hadi saa ya ukutani inasikika.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeendesha. Betri akaishusha kama kawaida, nailoni akaikaza kama kawaida. Hakuniita jioni. Nilikaa na gazeti nikisubiri ile kero yangu, haikuja.

Alhamisi, 18 Aprili

Nilimwuliza mtunza stoo, kama mzaha, ikiwa mtu anaweza kukaa humu hadi kustaafu asife kwa uchovu wa kukaa. Akasema, "Miaka ya kwanza ni migumu. Baadaye unaacha kuusikia." Akanionyesha ndoano ya kutundikia koti, iko wazi. Ni mama mwema, nilikuwa sijamwona. Nikatundika koti.

Mvua hizi zikiisha nitamwambia daktari asipoteze muda kunipima.

Jumatatu, 22 Aprili

Mungu wangu. Sijui nianzie wapi. Naandika nimekaa kwenye kreti stoo, na mtunza stoo ameniletea maji bila kuuliza.

Asubuhi upepo ulikuwa mkali, mvua kidogo. Nilianza kupanda kilima cha tangi kama ninavyokipanda siku hizi: kichwa chini, mdomo wazi, macho kwenye gurudumu la mbele ili nisiione njia iliyobaki. Karibu na nusu, upepo uliingia chini ya nailoni ukaifutua. Mpira wa upande wa kulia ulikatika, ukanipiga kidoleni kama kombeo. Nailoni ikaruka, ikanifunika uso, ikaenda zake.

Na baiskeli ikachomoka!

Ilichomoka kama mbuzi aliyekatika kamba. Nilikuwa nimekanyaga pedali kwa nguvu zote, sasa nguvu zile zikakutana na mota. Nilipanda kilima kwa mwendo ambao sijawahi kwenda hata nikishuka. Nilimpita mwendesha pikipiki, akageuka kunitazama. Nikaushika usukani, nikapiga kelele ambazo sikumbuki zilikuwa neno gani, nikaishia kwenye nyasi za ukingo chini ya tangi, nikaanguka ubavu taratibu kama gunia.

Sikuumia. Nikalala pale mvua inaniingia puani. Kisha nikainuka nikaanza kuitazama baiskeli kama fundi, kitu ambacho nilipaswa kukifanya zamani.

Breki ya kushoto ilikuwa bado imefungwa, ya kulia iko huru. Nikashika ile ya kulia, nikaivuta kidogo, upana wa ukucha. Nikakanyaga pedali. Mota kimya. Nikaiachia. Mota ikanguruma. Nikarudia, kisha nikakaa chini tena.

Breki ya kulia peke yake ndiyo yenye swichi. Ukiigusa, hata kabla haijashika gurudumu, mota inazimwa ili isishindane nayo. Ni jambo la busara. Lifti zote duniani zina kitu hichohicho mlangoni: mlango usipofunga sawasawa, hata kwa unene wa karatasi, lifti haiendi. Mara ngapi nimeitwa na watu wanaopiga kelele kwamba mashine imekufa, nikaenda nikatoa jiti la kiberiti lililokwama mlangoni, nikawaacha wameaibika? Na mimi mwenyewe nimeendesha mwezi na zaidi na jiti la kiberiti mkononi. Mipira ya mama watoto ilikuwa imevuta breki kidogo tu. Taa zinawaka, kioo kinawaka chini ya nailoni yenye ukungu, lakini mota imelala.

Tangu siku ile alipoivalisha koti, nimekuwa nikikipanda kilima cha tangi kwa miguu yangu, juu ya chuma kizito kuliko baiskeli yoyote ya kawaida. Na moyo huu ninaoulilia ndio umenipandisha.

Nilicheka peke yangu hadi mpita njia akavuka barabara. Halafu nikaogopa. Daktari alisema kabisa nisijikaze.

Halafu nikakumbuka betri.

Jumanne, 23 Aprili

Nilitaka kunyamaza. Nilijua atajilaumu. Lakini kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa, kwa hiyo jana jioni nilimkalisha nikamweleza yote. Alishika kichwa.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekufunga breki?"

"Ulinikinga na mvua."

"Mbona hukusema kilima kinakushinda?"

"Nilidhani ni moyo."

"Ndiyo ungesema zaidi! Mficha maradhi kifo humuumbua, hujui?" Kisha akasimama ghafla. "Lakini mimi nilisema. Nilikwambia betri haipungui. Nilikwambia mara ngapi?"

"Uliniambia."

"Wewe ukasema nini?"

"Nilisema 'Mm.'"

Alinitazama. Nikaona mdomo unamcheza, anapigana nao, mwisho akashindwa. Tulicheka hadi jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Alipofuta machozi, akajipigapiga kiuno na kusema kama anayeongea na meza, "Na mimi nikawa napandisha betri iliyojaa na kushusha betri iliyojaa. Kila siku. Kama mwehu."

Mimi sikucheka hapo. Nilikuwa nimekaa msimu mzima nikisikiliza moyo wangu mwenyewe. Alipokuwa akipumzika kwenye kila kona ya ngazi nilimsikia, nikahesabu kuwa ni kelele za jengo.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemweleza daktari. Ni binti wa umri wa mwanangu, lakini amenifokea kama bibi yangu. "Baba, ungeweza kufa pale pale!" Kisha akasikiliza kifua muda mrefu, akasema niendelee, mota ikiwa inafanya kazi, na atanipima siku ileile tuliyopanga. Alipoondoa mirija masikioni alikuwa anajizuia kutabasamu.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimeendesha na mota. Kilima kimeisha kabla sijamaliza kukiwaza.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua inapungua. Mtunza stoo ameulizia koti langu, kama nitaliacha.

Ijumaa, 10 Mei

Nilitembezwa kwenye mkanda wa mashine, nyaya zimenijaa kifuani, mkanda unainuka kama kilima na daktari anaongeza kasi. Nilifumba macho nikaweka kichwa chini, mdomo wazi, kama kwenye tope. Nikamsikia akisema, "Inatosha, baba. Shuka." Nikauliza nimeshindwa nini. Akasema, "Hujashindwa. Ni mimi ninayetaka kwenda kula."

Narudi shimoni. Na nimeruhusiwa kubeba vitu vizito, polepole. Hilo la pili nililiuliza mwenyewe.

Jumatatu, 13 Mei

Jana jioni nilipandisha betri. Mke wangu alinifuata nyuma mikono imetangulia, kana kwamba mimi ndiye mtoto na betri ndiyo mama. Kona ya pili nilipumzika. Nikajua kona ile ikoje. Ni kweli ina uzito wa mtoto, tena mtoto asiyetaka kubebwa.

Ijumaa, 17 Mei

Jua kali, barabara kavu. Siku ya kwanza kazini kwangu.

Nilisimama juu ya paa la lifti, gizani, harufu ya grisi ileile, na mikono ikajua pa kushika bila mimi kuielekeza. Nilikuwa na hofu, nisidanganye. Juu kabisa taa ya chumba cha mashine iliwaka. Kobe hakuwa na haraka. Nilimsikia anakohoa, anafuta mikono, anaweka kitu chini. Ndipo akaita.

"Upo?"

"Nipo."

Lifti ikasogea.

Nimerudi nyumbani nimechoka kwa uchovu mzuri, ule wa zamani. Nikachomoa betri, nikaikumbatia, nikapanda, nikapumzika kila kona. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Jikoni hakukuwa na sauti ya chombo, na jua lilikuwa bado halijazama. Nikaita, mara ya kwanza tangu tuoane kuwa mimi ndiye ninayeita.

"Upo?"

Kimya. Nikaita tena, na moyo ukapiga kama kwenye kilima. Nikaiweka betri sakafuni, nikaingia ndani.

Alikuwa kwenye kiti changu, viatu miguuni, mkoba wa kazini begani, kichwa kimeegemea ukuta. Miguu imemvimba kwenye vifundo. Katika miaka yote hii sikuwahi kumkuta amelala jua likiwa nje. Nilipiga goti nikaanza kumvua kiatu.

"Nipo," akasema, bila kufumbua macho. "Nimechoka tu."